Fizikia ya Mpemba

Waingereza wana usemi wao kwamba mtu aliyefanya vyema anastahili kupigwapigwa mgongoni, na asiyepata hata hilo wanamhurumia. Sisi twasema kutia moyo, na kinyume chake kuvunja moyo. Nilifundisha sekondari miaka mingi nikiamini kwamba mwanafunzi hutiwa moyo kwa sifa, tena akishapata jibu sahihi. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mtu ambaye sikupata kuonana naye, Erasto Mpemba.

Mwaka 1963 Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Tanganyika. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombewa. Siku moja mwenzake aliwahi kuweka maziwa yasiyochemshwa. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akaweka yake yangali ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu sababu. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena. Mwalimu wa huko akasema hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo kila alipokosea hesabu, darasa zima lilisema hiyo ni hisabati ya Mpemba. Neno moja la mwalimu likawa fimbo mikononi mwa wanafunzi wenzake.

Kisha akaja mgeni, Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka Chuo Kikuu, Dar es Salaam. Mpemba akasimama. Ukichukua vyombo viwili vyenye maji ya kiasi kimoja, kimoja kikiwa na joto la nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, cha nyuzi 100 hutangulia kuganda. Kwa nini? Wenzake wakacheka.

Hapa ndipo ninapotaka tutulie, ndugu msomaji. Osborne hakumsifu kijana yule. Baadaye aliandika wazi kwamba alidhani amekosea, ila alikumbuka kwamba wanafunzi wanapaswa kuhimizwa kuhoji mambo. Akaahidi kulijaribu jambo lile mwenyewe. Aliporudi Dar es Salaam alimpa kazi hiyo fundi wa maabara. Fundi akarudi na habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, lakini ataendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na jambo lile likaitwa kwa jina la Mpemba duniani kote.

Wataalamu hawajakubaliana hata leo. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walipima upya, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Huenda ikathibitika siku moja kwamba yule mwalimu wa kwanza hakuwa mbali na kweli. Hata hivyo kosa lake litabaki palepale, kwa kuwa alijibu bila kupima.

Nasema haya nikijihukumu. Mvulana mmoja aliniuliza siku moja kwa nini mwezi huonekana mchana. Somo la siku ile lilikuwa umeme, na kengele ilikuwa karibu. Nikamwambia asitupotezee wakati. Darasa likacheka, nami nikacheka nao. Mwaka ule wote hakunyoosha mkono tena, na mimi sikugundua mpaka nilipokuwa nikiandika ripoti yake ya mwisho: "Mtulivu darasani."

Sikuhitaji kumsifu. Ningesema tu, "Sijui, kesho tutazame pamoja," ingetosha.