Birika la Shangazi na Mto Zigi

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Naandika habari ya birika.

Shangazi yangu anaishi Nguvumali, hapa Tanga. Mwezi uliopita nilikwenda kumsalimia, nikamkuta anakwangua ukoko mweupe ndani ya birika kwa kijiko. Shikamoo haijaitikiwa vizuri, nimeshapewa kazi. "Mwanangu, wewe si ndiye mwandishi wa gazeti? Andika basi, maji ya bomba yana chokaa!"

Nikachukua chupa mbili za soda. Moja nikajaza maji ya bomba, nyingine maji ya kisima cha jirani, kila moja nikatia vipande vidogo vya sabuni ya mche na kutikisa. Ya bomba ikafanya povu hadi shingoni. Ya kisima ikatoa utando wa kijivu kama maziwa yaliyokatika, povu hakuna. Shangazi akacheka, kisha akakiri: ili kuokoa bili, chai yote anapikia maji ya kisima. Bomba lilikuwa linasingiziwa.

Siri iko chini ya miguu yetu. Mvua ikizama ardhini hubeba hewa ya ukaa, inakuwa na ukali kidogo, na ukali huo unayeyusha mawe ya chokaa polepole. Ndivyo Mapango ya Amboni yalivyochimbika, bila sururu, kwa miaka isiyohesabika. Ndiyo maana pia kiwanda cha saruji kiko Pongwe tangu 1980, kwa kuwa mawe yapo hapo hapo. Maji yaliyopita katika mawe hayo yakichemshwa huiacha chokaa yake ndani ya chombo. Kwa maneno mengine, shangazi alikuwa anakwangua Pongwe kwa kijiko.

Maji ya namna hii huitwa magumu, na hayadhuru. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu za kiafya. Hasara yake ni sabuni, mkaa na birika.

Watu wa mwambao waliishi na maji haya karne nyingi. Nenda Tongoni, kusini ya mji, ukaone magofu ya msikiti na makaburi. Mji wa namna ile usingesimama bila visima. Hata lugha yetu ya pwani inatenganisha maji baridi na maji ya chumvi, wala hapo hatuzungumzii friji. Kisima kizuri kilikuwa mali, na kisima kikivutwa kupita kiasi karibu na bahari, chumvi huingia.

Mji ulipokua, visima havikutosha. Ikabidi kutazama upande wa pili, kwenye milima. Mto Zigi unaanzia Usambara Mashariki, kwenye misitu ya Amani, katika miamba ya kale ambayo haiyeyuki kirahisi kama chokaa. Mwaka 1978 likajengwa bwawa la Mabayani kuuzuia mto huo, na maji yake yanasafishwa Mowe kabla ya kufika mjini. Hayo ndiyo maji yaliyotoa povu kwenye chupa yangu. Hayakosi madini kabisa, lakini si ya kukwanguliwa kwa kijiko.

Basi tatizo likaisha? Hapana, likabadilika sura. Tulipoacha kisima tukaacha chokaa, tukapokea tope.

Kule Amani Wajerumani walifungua taasisi ya utafiti wa kilimo mwaka 1902, na kabla ya vita ya 1914 walikuwa wameshajenga reli ndogo kutoka Tengeni kupanda bonde la Zigi, kwenda kutoa mbao. Baadaye yakaja mashamba ya chai na iliki. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaingia wachimbaji wa dhahabu eneo la Sakale, wakapekua kingo za vijito, ingawa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani ilikuwa imeshatangazwa tangu 1997. Kila jembe na kila sururu juu kule ina habari yake Mabayani. Tope linajaza bwawa. Tope likizidi, mtambo unahitaji shabu nyingi zaidi kulituliza, na vijidudu hujificha ndani yake visifikiwe na klorini. Maji ya mto yanaweza kuwa laini kwa sabuni na yakawa na homa ya matumbo ndani. Kisima nacho hakina salama hiyo, hasa kikipakana na choo, kwa hiyo shangazi aendelee kuchemsha.

Sasa fikiria, ndugu msomaji, huyu mkulima wa bonde la Zigi. Sheria ya mazingira ya 2004 inamtaka asilime ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Mita 60 kwake ndiyo sehemu yenye rutuba na unyevu, pengine ndilo shamba lenyewe. Wakulima hao wana umoja wao, UWAMAKIZI, unaohifadhi mazingira ya mito ya Kihuhwi na Zigi. Wanapanda miti, wanaacha kingo, ili bomba la Nguvumali litoke maji meupe. Wao wenyewe hawanywi kwenye bomba lile.

Mwaka 2024 Tanga UWASA waliuza hatifungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, riba asilimia 13.5 kwa mwaka, ikaorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Mimi naiona ni hatua kubwa, mamlaka ya maji kukopa kwa wananchi badala ya kungoja mfadhili. Ila aliyenunua anajua atalipwa nini na lini. Aliyeacha mita 60 za iliki na migomba, malipo yake hayajaandikwa kwa asilimia.

Nilimweleza shangazi haya yote. Akanyamaza, akamimina chai. "Kumbe kuna watu wanatulindia maji huko juu? Na bili yangu, wao wanapata ngapi humo?"

Swali hilo nimelibeba kwenye daftari. Safari ijayo napanda Amani.