Mtungi wa Senti 30

Tarehe 31 Oktoba 1903 timu ya futiboli ya Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Michigan ilikuwa Minneapolis kuwakabili wenyeji, Minnesota, ikiwa imeshinda michezo 28 mfululizo. Meneja wao mwanafunzi, Tommy Roberts, alitumwa kutafuta chombo cha maji ya wachezaji, akanunua mtungi wa galoni 5 kwa senti 30. Inasimuliwa kuwa kocha Fielding Yost alihofia wenyeji wasije wakayachezea maji. Zikiwa zimebaki kama dakika 2, Minnesota ikasawazisha, 6 kwa 6, mashabiki wakafurika uwanjani na mchezo ukaishia hapo. Wageni wakaondoka, mtungi ukabaki.

Wengi huanzia hapo wakadai kwamba Yost aliandika barua kuudai mtungi wake, akajibiwa aje aushindanie. Ni hadithi tamu, lakini barua yenyewe haijawahi kuonekana, na ni vigumu kuamini kwamba kocha mwenye timu kama ile angehangaikia chombo cha senti 30. Kilichoufanya mtungi uwe kombe ni rangi. Mtunza vifaa wa Minnesota, Oscar Munson, aliuokota akampelekea mkuu wa michezo, L. J. Cooke, nao ukaandikwa kwamba ni mtungi wa Michigan uliotekwa na Oscar. Chini yake yakawekwa matokeo: 6 ya Minnesota imechorwa kubwa mno, 6 ya Michigan kiduchu. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Sare ilichorwa ikawa ushindi, na aliyechora alijua kabisa kwamba anatania.

Sisi tuna neno la kitendo hicho: utani. Mtani hubeba cha mtani wake mchana kweupe, wala haitwi mwizi, mradi mwenye mali anajua pa kukifuata. Michigan ilikifuata mwaka 1909, ikashinda 15 kwa 6 na kurudi nacho nyumbani. Ikashinda tena 1910, kisha vyuo hivyo havikukutana hadi 1919, Minnesota ilipolipiza kwa 34 kwa 7. Kombe la ligi lisingevumilia mapengo kama hayo, maana thamani yake hutokana na msimu. Mzaha ulioandikwa kwenye chombo husubiri. Wengine nao waliiga: Indiana na Purdue wakaanza kushindania ndoo mwaka 1925, Minnesota na Iowa nguruwe mwaka 1935. Hata rangi ya kahawia inayotajwa katika jina la mtungi, Little Brown Jug, ilipakwa baadaye. Leo upande mmoja una herufi ya Michigan, upande mwingine ya Minnesota, na katikati safu za matokeo.

Atakayepinga atasema huu si upinzani hata kidogo: tangu miaka ya 1970 Michigan imeushika mtungi karibu wakati wote, na utani unataka wawili wanaolingana. Hoja ina uzito. Minnesota ilishinda 1977, kisha 1986, na baada ya hapo ikangoja miaka 19. Lakini kombe ambalo mmoja hulishinda kila mara kwa kawaida hupoteza maana kwa yule anayeshindwa, na hapa imekuwa kinyume. Mwaka 2005 huko Ann Arbor, Minnesota ilipata bao la mguu la yadi 30 ikiwa imebaki sekunde 1, ikashinda 23 kwa 20. Ushindi huo haukuipa ubingwa wowote. Hata hivyo ndio unaokumbukwa katika msimu ule, kwa sababu wageni waliondoka na mtungi. Safari hii mtungi ndio uliosafiri kuelekea Minneapolis, ambako Roberts aliununua miaka 102 kabla.