Siku 5 halafu sare? Kriketi ndefu, Wakenya, na swali la mjomba

Najua nimepotea hapa. Mitihani ilinibana, bumu likachelewa, kila mtu anajua mwisho wa semesta hapa Mlimani unakuwaje. Leo nimepata nafasi, nataka niandike jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipofanya semina ya historia ya michezo. Wenzangu wote walichukua Simba na Yanga. Mimi nikachukua kriketi. Darasa zima likacheka.

Wana haki ya kucheka. Mimi ni mtoto wa Kaoze bwana, huko chini ya Lyamba lya Mfipa, bonde la Ziwa Rukwa, kwenye mpunga na samaki. Mpaka namaliza kidato cha sita sijawahi kuona bati la kriketi kwa macho. Na hilo lenyewe lina historia yake. Ufipa tulianza kuguswa na Wazungu kupitia Karema, kituo cha Wabelgiji cha mwaka 1879 ambacho mwaka 1885 kilichukuliwa na mapadri wa White Fathers. Mapadri hawa walitoka Ufaransa, Uholanzi, Ujerumani. Serikali nayo ikawa ya Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Wengi kati ya hao hawakukua na kriketi kwao! Waingereza walipokuja, kwetu ilikuwa pembezoni, mabwana shauri wachache tu. Kriketi ilibaki Dar, Zanzibar, Tanga, Nairobi, Kampala, kwenye klabu za Wazungu na za Wahindi. Haikupanda mlima wa Ufipa, sembuse kushuka bondeni.

Sasa likizo iliyopita nikajaribu kumweleza mjomba mechi ya Testi, yaani ule mtindo mrefu kuliko yote. Nikamwambia: mjomba, timu mbili, kila moja inapiga mara mbili, nguo nyeupe, kuna mapumziko ya chakula na mapumziko ya chai, mchezo unaweza kwenda siku 5, na mwisho inaweza kuwa sare. Mjomba alikuwa anatengeneza mpini wa jembe. Akaacha. Akaniuliza, "Siku 5 halafu sare? Na shamba analima nani?"

Nilicheka siku ile. Niliporudi maktaba nikaona kumbe mjomba ameuliza swali ambalo waandishi wa kriketi wanalizunguka kwa kurasa mia. Nani ana siku 5?

Zamani zilikuwa hata zaidi ya 5. Kuna mechi moja ya Durban, Afrika Kusini na Uingereza, iliyoanza tarehe 3 Machi 1939 bila kikomo, wacheze mpaka apatikane mshindi. Walicheza mpaka tarehe 14. Uingereza walitakiwa kupata mikimbio 696, wakafika 654 na wiketi 5 tu zimeanguka, bado 42. Wakaacha! Meli ya kuwarudisha kwao ilikuwa inaondoka Cape Town. Sare. Ndiyo ikawa mwisho wa mechi zisizo na kikomo.

Tukija kwetu. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, Uingereza 1975, kulikuwa na timu inaitwa Afrika Mashariki. Si Kenya, si Tanzania, ni Afrika Mashariki. Nahodha alikuwa Harilal Shah. Alikuwemo Don Pringle wa Kenya, ambaye mwanawe Derek, mzaliwa wa Nairobi, alikuja kuichezea Uingereza Testi 30. Alikuwemo John Nagenda wa Uganda, yule mwandishi aliyekuja kuwa mshauri wa Museveni. Walifungwa mechi zote 3. New Zealand pekee waliwazidi kwa mikimbio 181. Lakini safari hiyo hiyo walicheza pia mechi ya siku 3 mjini Taunton dhidi ya Sri Lanka. Hapa ndipo mimi hunata. Sri Lanka nao mwaka 1975 walikuwa wageni waalikwa kama sisi, hawana hadhi ya Testi. Mwaka 1981 wakapewa, 1982 wakacheza Testi ya kwanza, 1996 wakachukua Kombe la Dunia. Sisi tukaenda wapi?

Jibu la haraka ni kwamba waliokuwa wanaendesha mchezo waliondoka. Amin aliwapa Waasia siku 90 mwaka 1972. Kwetu nyumba za kupangisha zilitaifishwa mwaka 1971 na wengi wakafunga mizigo. Sitaki kuingia kwenye ubishi wa kutaifisha, hiyo ni mada nyingine na kuna watu hapa Yombo watanipiga. Ninachosema ni kwamba mchezo wenyewe ulikuwa umejengwa juu ya klabu za jumuiya moja, mwenye funguo akihama, uwanja unaota majani.

Kenya ndio walinusurika. Walijitoa wakajiunga na ICC wenyewe mwaka 1981, na klabu za Nairobi zikaanza kutoa vijana Waafrika, akina Odumbe, akina Tikolo, Odoyo, akina Obuya. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, Kenya walipata mikimbio 166 tu, halafu wakawatoa West Indies ya Brian Lara kwa 93. Tisini na tatu! Halafu 2003, New Zealand wakagoma kuja Nairobi kwa hofu ya usalama, Kenya wakapewa pointi, watu wakasema wamebebwa. Lakini Sri Lanka walikuja Nairobi wakafungwa uwanjani kwa mikimbio 53, Collins Obuya akiangusha wiketi 5. Kenya wakafika nusu fainali kule Durban, wakatolewa na India kwa mikimbio 91. Hakuna nchi nyingine isiyo ya Testi iliyowahi kufika nusu fainali ya kombe hilo.

Wakenya waliomba hadhi ya Testi. Hawakupewa. Mwaka 2000 ilipewa Bangladesh, timu ambayo Kenya walikuwa wakiifunga mara kwa mara miaka ile. Wakenya wengi mpaka leo wanaona ni dhuluma, kwamba Bangladesh walipewa kwa sababu wana watu zaidi ya milioni 120 na televisheni. Mimi nilianza semina yangu nikiamini hivyo hivyo. Nilitaka kuandika kwamba kriketi ndefu ni klabu ya mabwana wakubwa, ilimfungia Mwafrika mlango, basi na ife.

Lakini nilipozidi kusoma nikakwama. Kenya hawakuwa na ligi ya siku 3 wala 4 nyumbani. Walicheza wikiendi, kwa sababu siku za wiki watu wako kazini. Huwezi kumtoa mtu mechi ya Jumapili mchana ukamtia kwenye siku 5. Bangladesh wenyewe, na watu wao wote wale, walisubiri mpaka Januari 2005 kushinda Testi ya kwanza. Wakati huo Kenya wachezaji wanagoma kwa ajili ya malipo, Odumbe amefungiwa miaka 5 mwaka 2004, chama kinavunjwa na kuundwa kingine 2005. Kombe la 2011 walifungwa mechi zote. Mwaka 2014 wakapoteza hata hadhi ya mechi za ova 50. Swali la mjomba limerudi hapo, mnaona? Kizazi cha Tikolo kilikuwa na kipaji. Kilichokosekana ni mtu wa kuwalipa vijana waliofuata ili wawe na siku 5.

Sasa je, kriketi ndefu itadumu kupendwa? Ukitazama pale ilipozaliwa, sioni dalili ya msiba. Desemba 2024, Australia na India mjini Melbourne, kwa siku 5 waliingia watu 373,691, rekodi ya uwanja ule kwa mechi ya Testi. Lakini tazama Afrika Kusini. Februari 2024 walipeleka New Zealand timu ya pili, nahodha mwenyewe ndiyo kwanza anacheza Testi, kwa sababu nyota wao walitakiwa kwenye ligi ya ova 20 nyumbani, yenye pesa. Halafu Juni 2025 nchi hiyo hiyo, chini ya Temba Bavuma, ikawafunga Australia pale Lord's na kuwa bingwa wa dunia wa Testi. Yaani wanaupenda mchezo na hapo hapo hawana pesa ya kuulisha. Kwa hiyo mimi naona kupendwa siyo tatizo. Utadumu, ila kwa nchi tatu nne zenye uwezo, na wengine watakuwa wageni waalikwa kama sisi wa 1975.

Na huku kwetu? Huku njia ni fupi. Tangu Januari 2019 kila mwanachama wa ICC anahesabiwa wa kimataifa kwenye ova 20. Ndiyo maana Uganda walifika Kombe la Dunia la 2024 wakaifunga Papua New Guinea, na Frank Nsubuga, mzee wa miaka 43, akarusha ova 4 akatoa mikimbio 4 tu! Septemba 2024 mashindano ya kufuzu yalikuja Dar, Tanzania, Malawi, Ghana, Lesotho na wengine. Nilikwenda siku moja. Vijana wetu walicheza vizuri, mchezo ukaisha mapema, nikawahi daladala na mchana ulikuwa bado mrefu. Nilifurahi, siwezi kukana. Ila kuna kijana mmoja pembeni, kama miaka 14, alikuwa bado anapiga mpira peke yake ukutani wakati watu wanakunja vitambaa. Nikamuuliza amewahi kucheza mechi ya siku nzima. Akaniambia, "Kaka, uwanja tunapewa masaa mawili."

Semina nilipata B+. Mhadhiri aliandika pembeni: hoja nzuri, mwisho umesitasita. Kweli umesitasita, na leo bado.

Ile fainali ya Lord's niliifuatilia kwa simu nikiwa hosteli, bando likaisha Jumamosi kabla hawajamaliza, nikakopa kwa rumeti. Jioni nikampigia mjomba kumsalimia, ni wakati wa mavuno ya mpunga kule. Tulipomaliza shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza, "Wale watu wako wa siku 5, wamemaliza?"

Nikamwambia wamemaliza siku ya 4, ameshinda Mwafrika.

"Ah," akasema, "basi wametushinda. Sisi hii ni siku ya 9 na yamebaki majaruba mawili."