Oili iliyochoka

Mwambie mhudumu wa kituo cha mafuta pale Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, akuwekee mafuta, naye atafungua tangi. Mafuta ya injini yana jina lake: oili. Wataalamu wameleta neno vilainishi, zuri kwa vitabu, lakini gereji halijafika.

Tamu zaidi ni kitenzi chake. Fundi huchomoa kijiti cha kupimia oili, husugua tone jeusi kati ya kidole gumba na cha shahada, kisha husema: "Hii imechoka." Hasemi imezeeka, na hapo ndipo alipo sahihi: oili huchoshwa na kazi kuliko umri.

Kampuni ya General Motors ilipoanza kuweka kipimo cha uhai wa oili kwenye magari yake, mwishoni mwa miaka ya 1980, ilifuata wazo hilohilo. Kompyuta haiionji oili. Huhesabu mizunguko ya injini na kuangalia joto, kisha hukadiria asilimia iliyobaki. Gari linalowashwa asubuhi ya baridi, likaenda kilomita mbili na kuzimwa, huchosha oili upesi, kwa sababu maji na petroli isiyoungua hubaki ndani yake. Safari ndefu ya lami, injini ikiwa na joto la kutosha, huichosha polepole.

Magari mengi ya Proboksi yapitayo Mulot hayana kipimo hicho; yana stika ya kilomita 5,000. Hata penye kipimo, kwa kawaida hakijui oili ikipungua. Kijiti ndicho kinachojua.