Presha na ugonjwa wa fizi

Ugonjwa wa fizi huanza na ukoga unaojikusanya pale jino linapokutana na ufizi. Ufizi huvimba, huvuja damu wakati wa kupiga mswaki, na ukiachwa huachana na jino, ukabaki mfuko unaoweza kuwa na usaha. Humo bakteria hupenya kwenye damu, na uvimbe wanaouleta huweza kudhuru utando wa ndani wa mishipa ya damu, ikashindwa kutanuka vizuri. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa ugonjwa mkali wa fizi huambatana na ongezeko la karibu asilimia 49 la uwezekano wa kuwa na presha. Hilo peke yake halithibitishi chanzo: sigara, kisukari na uzee huchochea maradhi yote mawili.

Dawa nazo zina lao. Amlodipini na nifedipini, zinazotumiwa sana kutibu presha, huweza kukuza fizi hadi zikafunika sehemu ya jino. Mgonjwa asiziache kwa hofu hiyo. Amweleze daktari, kwani zipo za kubadilishia.

Lakini si kila mahali daktari yuko karibu. Songo Mnara, huko Kilwa, ni kisiwa, na anayetaka hospitali huvuka maji kwanza. Kwa hiyo kinga ya nyumbani ina uzito: kupunguza chumvi, hasa ya ng'onda, na kusafisha meno kila siku. Kijiti cha mti wa mswaki hufaa. Hutafunwa ncha mpaka nyuzi zifumuke, kisha husuguliwa taratibu kandokando ya ufizi. Ukoga uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe hakiutoi. Huo hukwanguliwa na mtaalamu wa meno.