Nani Alisema Ndiyo? Historia ya Kura ya Mbunge

Ukifungua Taarifa Rasmi ya Bunge la Tanzania, ile tunayoiita Hansard, kila baada ya kurasa kadhaa utakuta mistari miwili ndani ya mabano: "Hoja ilitolewa iamuliwe", kisha "Hoja iliamuliwa na kuafikiwa". Baina ya mistari hiyo Spika amewataka wanaoafiki waseme ndiyo, ukumbi ukaitikia. Amewataka wasioafiki waseme siyo, pengine zikasikika sauti mbili tatu za pembeni. Naye akatangaza kuwa walioafiki wameshinda. Sheria imepita. Mwananchi akitaka kujua mbunge wake alikuwa upande gani, au kama siku hiyo alikuwepo kabisa, hana pa kuangalia.

Utaratibu huu tumeurithi kwa Waingereza, na kwao pia kura ya mbunge ilifichwa kwa karne nyingi. Mwanzoni sababu ilikuwa ya maana: aliyeogopwa ni mfalme, ambaye angejua nani kampinga angeweza kumtia ndani. Hofu ya mfalme ikapungua, usiri ukabaki, sasa ukiwakinga wabunge na wananchi wao. Mwaka 1771 wachapaji waliothubutu kutoa habari za mijadala waliandamwa, na Meya wa London, Brass Crosby, aliposimama upande wao alifungwa katika ngome ya Tower. Watu wa mji walimshangilia kiasi kwamba Bunge halikuendelea na vita hiyo. William Cobbett akaanza kuchapisha mijadala mwaka 1803, na baadaye kazi ikaangukia kwa Thomas Curson Hansard, ambaye jina lake limefika hadi Dodoma.

Maneno yalijulikana basi, lakini kura bado. Wakati wa kuhesabu, upande mmoja ulibaki ukumbini na mwingine ukatoka nje, vikahesabiwa vichwa bila majina. Oktoba 1834 jengo la Bunge liliteketea kwa moto. Miaka miwili baadaye wabunge walikuwa na vijia viwili vya kupigia kura, kimoja cha wanaoafiki na kingine cha wanaopinga, na makarani wakiweka alama kwenye jina la kila anayepita. Orodha rasmi zikaanza kuchapishwa mwaka huo wa 1836.

Wamarekani walikuwa wameshaandika kwenye katiba yao kwamba sehemu moja ya tano ya waliohudhuria ikitaka, majina yaingizwe kwenye kumbukumbu. Thomas Edison, akiwa kijana, alidhani atawarahisishia. Mwaka 1869 alipata hataza yake ya kwanza, ya mashine ya umeme ya kurekodi kura za wabunge. Walioonyeshwa hawakuitaka: kuita majina polepole kuliwapa walio wachache nafasi ya kuchelewesha mambo na kubembeleza wenzao. Baraza la Wawakilishi la Marekani lilianza kutumia kura ya umeme mwaka 1973, zaidi ya karne moja baadaye. Mashine haijawahi kuwa tatizo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, aliyejifunza kwanza kusoma orodha ya kura ni serikali. Machi 1975 mbunge Josiah Mwangi Kariuki, JM, aliuawa nchini Kenya. Kamati teule iliyoongozwa na Elijah Mwangale ilichunguza na kuleta ripoti iliyowagusa wakubwa. Serikali ilitaka Bunge liipokee tu kama taarifa, bila kuikubali. Wabunge wa kawaida wakagoma, kura ikapigwa, serikali ikashindwa. Miongoni mwa waliopiga kura pamoja na wabunge hao alikuwamo waziri Masinde Muliro na manaibu mawaziri John Keen na Peter Kibisu. Wote watatu walifukuzwa kazi. Wananchi hawakuwa na gazeti la kuwahesabia wabunge kura, lakini Ikulu ilikuwa na hesabu kamili.

Kisa hicho ndicho ninachokikumbuka kila nikisikia mtu akidai kura zote ziwe wazi, kana kwamba macho yanayotazama ni ya wapiga kura peke yao. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba mjini Dodoma lilipoteza muda mwingi likibishana kura iwe ya wazi au ya siri. CCM, chama tawala, ilitaka wazi. Wapinzani, ambao siku zote hudai uwazi, walitaka siri, wakijua mjumbe wa chama tawala hatathubutu kutofautiana na wenzake akiitwa jina hadharani. Mwisho wakakubaliana kila mjumbe achague mwenyewe, jambo ambalo nalo lina kichekesho chake: anayechagua siri ameshajitangaza nusu. Wapinzani wengi walishasusia kikao kura ilipofika. Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, Othman Masoud Othman, alichagua wazi, na kwa baadhi ya ibara akasema hapana. Ukumbi ukachafuka. Siku chache baadaye Rais wa Zanzibar, Ali Mohamed Shein, alimwondoa katika nafasi yake. Mwaka 2021 alirudi serikalini kama Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, akiwa na chama cha upinzani.

Mwananchi naye alianza kupata hesabu ya wabunge wake, iliyokuwa ya Ikulu peke yake, kwa msaada wa intaneti. Katikati ya miaka ya 2000 tovuti ya Bunge la Kenya ilifungwa baada ya wabunge kunung'unikia wasifu wao kuanikwa. Wakenya wawili, mwanasheria Ory Okolloh na mtaalamu wa programu Conrad Akunga, wakaanzisha Mzalendo, tovuti ya kufuatilia nani kasema nini bungeni. Baadaye ikawa taasisi, na hutoa tathmini ya wabunge kila mwaka, wakiwamo wale ambao hawajafungua kinywa.

Juni 25, 2024, Muswada wa Fedha ulipita Nairobi kwa kura 195 dhidi ya 106. Orodha ya majina ilisambaa kwenye simu za vijana, na siku hiyohiyo waandamanaji waliingia bungeni. Nyumba na biashara za baadhi ya wabunge waliosema ndiyo zilishambuliwa. Kesho yake Rais William Ruto alikataa kuusaini. Waliosema ndiyo wakabaki na majina yao kwenye kumbukumbu, wakiwa wameibeba lawama ya muswada ambao Rais mwenyewe ameukana.

Lakini siku kama hiyo ni nadra. Katika Bunge la Taifa la Kenya, Spika akishaamua kwa sauti, ni lazima wabunge 30 wasimame kudai wahesabiwe ndipo majina yaandikwe. Miswada mingi haiwapati hao 30. Tanzania, kura ambayo kila mwaka hupigwa kwa kuita jina moja moja ni ya bajeti ya Serikali, mwezi Juni. Hapo mbunge husikika bila kificho, nchi nzima ikijua kasema nini. Na Katiba inampa Rais mamlaka ya kulivunja Bunge endapo litaikataa bajeti hiyo, kwa hiyo mbunge anayeitwa jina siku ile anajua kwamba hapana zikizidi, yeye na wenzake wanaweza kurudi majimboni kuomba kura upya.