Kangaga la Aseniki

Kangaga hili, ambalo wanazuoni wa mimea huliita *Pteris vittata*, ni mmea wa mwituni uliopata sifa mwaka 2001, pale Lena Ma na wenzake wa Chuo Kikuu cha Florida, Marekani, walipobainisha kwamba ulisitawi katika ardhi iliyoharibiwa na dawa ya kuhifadhia mbao, ilhali majani yake yamesheheni sumu ya aseniki. Mizizi huifyonza aseniki kwa kuidhania fosfati, wala si ajabu, maana mbili hizi zakaribiana mno kikemia, kisha huipandisha majanini, ambako hupata kuzidi asilimia 2 ya uzito mkavu. Ili kuusafisha udongo, majani hukatwa, shina likaachwa lichipuze tena. Lakini kazi hii huchukua miaka, na mavuno yenyewe, yakichomwa ovyo, huirudisha sumu hewani.